Mapenzi ya Mbeya na Mwanza, Ndege Kupitia Dar

Chukua ramani ya Tanzania, ile ya ukutani wanayouza machinga kwenye foleni, uitandaze mezani. Chukua na rula. Ncha moja weka Mbeya, nyingine weka Mwanza. Rula itasimama wima kama nguzo ya umeme, maana viwanja vya ndege vya miji hii miwili, Songwe kule kusini na Mwanza kule ziwani, vimekaa karibu kabisa kwenye longitudo moja. Kati yao, kwa mstari ulionyooka, kuna kilomita 717 hivi. Ndege ya pangaboi inayokwenda kilomita 500 kwa saa ingekula umbali huo kwa muda usiotimia saa moja na nusu, na jeti ingekufikisha kabla hujamaliza kusoma jarida hili.

Kuanzia mwanzoni mwa 2017 mimi niliishi Mbeya, nikihariri machapisho ya mradi mmoja wa kilimo. Mume wangu alikuwa Mwanza, akihangaika na majokofu ya kiwanda cha samaki. Ndoa yetu ilikuwa na miezi mitano. Tuliishi hivyo karibu miaka miwili, na katika muda huo wote hatukuwahi hata siku moja kuruka juu ya mstari ule wa rula. Kila tiketi tuliyokata ilipita Dar es Salaam.

Hebu tupige hesabu kidogo, msomaji wangu, usiniache. Songwe mpaka Dar ni kilomita 690 hivi kwa njia ya anga. Dar mpaka Mwanza ni kama 850. Jumla 1,540. Yaani kumfuata mtu aliye kilomita 717 kutoka mlangoni kwako, unakwenda kwanza mpaka Bahari ya Hindi, unaitazama, halafu unageuka kumfuata. Zaidi ya mara mbili ya umbali wenyewe.

Wakati tunaoana hakuna aliyetuambia hili. Tulichoambiwa ni kwamba siku hizi kuna ndege. Shangazi zangu, kamati ya harusi, hata mshenga, wote wimbo mmoja: "Ndege si zipo? Kufumba na kufumbua mmefika." Na kweli, ukifungua ratiba unaona saa moja na nusu hapa, saa moja na nusu pale, jumla masaa matatu. Nani anashindwa masaa matatu kwa ajili ya mumewe? Kuna watu wanakaa masaa matatu Mbagala wakitafuta kufika Posta.

Nilikuja kugundua kwamba muda ulioandikwa kwenye tiketi ni muda wa ndege, siyo muda wako. Unaanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho yake na unaishia inaposimama kwenye maegesho ya uwanja wa pili. Kabla ya hapo wewe huhesabiwi. Baada ya hapo pia huhesabiwi. Mapenzi ya mbali kwa sehemu kubwa yanaishi humo kwenye muda usiohesabiwa, wewe na begi lako na simu inayoishiwa chaji.

Safari yangu ya kawaida ilikuwa hivi. Natoka nyumbani Forest, teksi mpaka Songwe kupitia Mbalizi, dakika 45. Nafika mapema saa moja na nusu kabla, maana kaunta ikifungwa imefungwa. Angani saa moja na nusu mpaka Dar. Hapo nakaa masaa manne kusubiri ndege ya Mwanza, na hiyo ni siku nzuri. Angani tena saa moja na nusu. Dakika 20 kusubiri begi. Kisha gari kutoka uwanjani Ilemela, Pasiansi, Kirumba, mjini, Mkuyuni, Butimba, mpaka Nyegezi kwetu, karibu saa nzima. Jumlisha: masaa kumi na nusu, na humo masaa matatu tu ndiyo niko hewani. Siku moja, nikiwa sina la kufanya pale kwenye viti vya kusubiria, nilichukua zile kilomita 717 nikazigawa kwa masaa kumi na nusu. Jibu ni kilomita 68 kwa saa.

Huo ni mwendo wa Coaster, jamani. Nimelipa ndege, nimekwenda kwa mwendo wa Coaster.

Basi mtu ataniuliza, kwa nini usipande basi lenyewe? Mbeya mpaka Mwanza kwa barabara ya Iringa, Dodoma, Singida na Shinyanga ni zaidi ya kilomita 1,200, na miaka ile mabasi yalikuwa hayaruhusiwi kutembea usiku kucha. Marufuku hiyo iliondolewa 2023. Ungelala njiani. Ukiondoka Ijumaa unafika Jumamosi jioni, Jumapili asubuhi unageuza. Mume unamwona kama unavyomwona mbunge.

Nilimlaumu sana yule anayepanga ratiba za ndege, nikadhani ni mtu mmoja amekaa mahali na roho mbaya. Baadaye nilielewa. Ndege yenye viti sabini na kitu haiwezi kurushwa kila siku kati ya Songwe na Mwanza kwa sababu mimi nina mume kule. Inataka watu sabini. Mfanyabiashara wa Mbeya anakwenda Kariakoo, wa Mwanza naye Kariakoo. Mgonjwa wa Mbeya anapewa rufaa Muhimbili, wa Mwanza akizidiwa na matibabu ya Bugando naye anaelekezwa hukohuko. Na jambo hili halikuanza na ndege. Reli ya Kati, ambayo tawi lake lilifika Mwanza mwaka 1928, inakwenda Dar. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kupita Mbeya, nayo inakwenda Dar. Reli zenyewe hata upana haulingani, moja ni milimita 1,000 na nyingine 1,067, kwa hiyo behewa la Mwanza haliwezi kuingia kwenye njia ya Mbeya hata likipendana nayo vipi. Nchi hii imejengwa kama mkono, vidole vyote vinakutana kwenye kiganja, na kidole na kidole havina njia ya kugusana ila kupitia hapo.

Miezi sita ya kwanza tulijifanya wajanja. Kama wote tunapita Dar, si tukutane Dar? Kila mtu anaruka kipande kimoja, gharama inagawanyika nusu kwa nusu, tunapata siku mbili zetu. Kwenye karatasi ilikuwa safi. Kilichotushinda ni Dar yenyewe. Mtu wa mkoani akiingia Dar hawezi kujificha. Mara ya pili tu shangazi wa Tabata alijua, akasema haiwezekani mwanangu ulale gesti wakati nyumba ipo. Mara ya tatu tulikaribishwa kwenye kikao cha harusi cha binamu ambaye mume wangu hajawahi kumwona, tukatoa mchango, tukakaa mpaka saa 5 usiku tukijadili rangi ya vitambaa vya meza. Jumapili mchana tukaagana uwanjani, yeye ndege yake, mimi yangu, na hatukuwa tumezungumza jambo hata moja la maana.

Tukajaribu Dodoma, kila mtu kwa basi lake. Ukitazama ramani vizuri, Dodoma ndiyo inayokaribia kuwa katikati yetu, siyo Dar. Mbeya mpaka pale ni kama kilomita 590, Mwanza mpaka pale kama 690. Ni kutwa nzima kwenye kiti, miguu inavimba, lakini Dodoma tulikuwa hatujulikani. Tulikuwa tunakula kuku na zabibu, tunalala mchana. (Wenzetu mnaopendana kati ya Dar na Dodoma, tangu treni ya umeme ianze 2024 mna raha zenu, msitusemeshe.) Na katikati kabisa ya ule mstari wa rula, kwa taarifa yako, ni maporini karibu na Sikonge, mkoani Tabora, nchi ya asali. Mume wangu alikuwa ananitania kwamba fungate yetu halisi inatusubiri huko, asali ipo tayari, bado mwezi.

Katika habari hizi wanawake huwa tunaulizana swali moja: nani alikuwa anasafiri zaidi? Tulikubaliana zamu, na zamu tuliiheshimu. Lakini zamu inahesabu safari, haihesabu uchovu. Yeye alikuwa akitoka kazini Ijumaa usiku, analala masaa matatu, anawahi ndege ya alfajiri. Mimi kazi yangu inabebeka kwenye laptop, ninaweza kusahihisha makala nikiwa nimekaa sakafuni karibu na soketi. Kwa hiyo masaa yaleyale kumi na nusu kwake yalikuwa marefu kuliko kwangu. Tulibadilisha mpango, mimi nikawa naenda mara mbili, yeye anakuja mara moja. Rafiki zangu walinicheka, wakasema unamdekeza. Sikuwajibu, maana hawakuwahi kumwona mtu mzima akisinzia na kijiko mdomoni.

Kisha nikapata ujauzito, na umbali wetu ukapata tarehe ya mwisho.

Kama hujui, mashirika mengi ya ndege yanataka barua ya daktari mimba ikifika wiki ya 28, na ya mtoto mmoja ikipita wiki ya 36 hawakupakii. Maana yake ni kwamba Mwanza, iliyokuwa masaa kumi na nusu kutoka kwangu, kuanzia wiki ya 37 ingekuwa kilomita 1,200 za basi na tumbo kubwa, yaani isingekuwepo. Mama mkwe alitaka nijifungulie Mwanza, awe karibu. Mimi pia nilitaka. Tukapanga nisafiri nikiwa na wiki 34, Jumamosi, tiketi mkononi, barua ya daktari kwenye pochi, vitenge na nguo za mtoto zimetangulia kwa basi.

Ilikuwa Machi 2018. Siku tisa kabla ya Jumamosi hiyo, saa 4 usiku, chupa ikapasuka.

Jirani yangu alinipeleka hospitali na gari lake, nikampigia mume wangu nikiwa kiti cha nyuma. Nakumbuka hakusema pole wala usiogope. Alisema, "Subiri, napiga hesabu." Wengine mngekasirika. Mimi nilimwelewa, maana na mimi nilikuwa naipiga hesabu hiyohiyo. Ndege ya mwisho ya kwenda Dar ilikuwa imeshaondoka. Akikodi gari usiku ule, na barabara za mvua, angefika kesho jioni akiwa amechoka kiasi cha kuhatarisha maisha yake na ya dereva. Akisubiri ndege ya asubuhi mpaka Dar, akapata ya mchana kuja Songwe, angefika kabla ya saa 10 jioni. Akachagua ndege, akalipa kwa simu kabla hata hatujafika getini hospitali.

Binti yetu alizaliwa saa 9 usiku, kilo mbili na gramu mia moja, analia vizuri. Baba yake aliipata habari kwa meseji akiwa kwenye foleni ya ukaguzi uwanja wa Mwanza.

Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yamekalia Mbeya mpaka chini. Nilikuwa nayaona kupitia dirisha la wodi, na sikuhitaji kuambiwa. Ndege ya asubuhi ilikuja mpaka juu yetu, ikashindwa kuona uwanja, ikageuza na abiria wake mpaka Dar. Ikigeuza hiyo, na za baadaye zinasogea, maana ndege ni ileile inayotakiwa kwenda na kurudi. Mume wangu akakaa Terminal 2, jengo la mwaka 1984 lililochorwa na Mfaransa Paul Andreu, ambalo wakati huo alikuwa anajua kila kiti chake na kila soketi inayofanya kazi. Alinitumia picha ya ubao wa safari. Halafu picha ya chapati. Halafu hakutuma kitu kwa masaa mawili, nikajua analia au amelala. Alikuwa analia, alikuja kuniambia mwenyewe mwaka uliofuata.

Alifika wodini saa 2 usiku. Masaa 22 tangu nilipompigia. Niliifanya ile hesabu tena baadaye, ni ugonjwa wangu: kilomita 717 gawanya kwa 22, unapata 32 na kitu. Mwendo wa bajaji.

Watoto wadogo kama wetu siku hizi wanabebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, njia wanayoiita ya kangaruu, na mama akichoka baba anaweza kupokea. Mimi nilikuwa nimechoka. Muuguzi, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya amri, alimtazama mume wangu pale mlangoni na begi lake mgongoni, akamwambia, "Baba, nawa mikono, vua shati." Hakumpa nafasi hata ya kunisalimia. Akanawa, akavua, akakaa, mtoto akawekwa kifuani na kufungiwa kitenge. Sikuwahi kumwona mume wangu ametulia vile, wala kabla wala baadaye. Alikaa hivyo mpaka saa 8 usiku akikataa kusogea, mkono umekufa ganzi, anaulizwa unataka chai anatikisa macho tu.

Jumapili ilikuwa zamu ya kuzungumza, na safari hii hapakuwa na kikao cha harusi cha kutukatisha. Hakuna aliyesema anateseka zaidi. Tulichukua karatasi na kuandika vitu vitatu. Mimi nikihamia Mwanza, napata kazi gani? Yeye akihamia Mbeya, anatengeneza majokofu ya samaki gani? Na tukibaki hivi, mtoto akiugua usiku, masaa 22 tunayakubali au hatuyakubali? La tatu tulilijibu kwanza, na baada ya hapo yale mawili hayakuwa na uzito tena. Ilituchukua miezi tisa kupata kazi mbili katika mji mmoja. Desemba 2018 tukahamia Dar, mji ambao hata mmoja wetu hakuwahi kutamani kuishi, na ambao tulikuwa tumeshaupitia mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu.

Sisemi kila ndoa ya mbali ivunje kambi. Wapo wanaoishi hivyo miaka kumi na wanapendana kuliko majirani zangu wanaolala kitanda kimoja. Lakini wakinifuata wadogo zangu hapa ofisini, mchumba kapelekwa Kigoma au Songea, wananiambia "dada, ndege ni saa moja na nusu tu", huwa nawapa karatasi. Andika kuanzia mlango wako mpaka mlango wake. Andika na kusubiri. Andika ni siku gani katika wiki ndege hiyo haipo. Kama unaunganisha, angalia kama vipande vyote viwili viko kwenye tiketi moja, kwa sababu ukikata tiketi mbili za mashirika tofauti na ya kwanza ikachelewa, shirika la pili halikujui, kiti kinaondoka bila wewe na begi umelishika mkononi. Halafu pembeni andika hesabu ya pili, ya siku mbaya: simu imelia saa 4 usiku, unafika lini? Hiyo ya pili ndiyo ya kumwonyesha mwenzi wako kabla hamjachangisha watu.

Mmoja aliifanya mbele yangu mwaka jana. Alimaliza, akaitazama, akaikunja akaweka kwenye pochi, akauliza kama najua mtu yeyote anayeajiri wahasibu Kigoma.

Mama mkwe wangu sasa anasema tumesogea karibu. Kwa rula siyo kweli, Dar iko mbali zaidi na Mwanza kuliko ilivyo Mbeya, tumemkimbia kilomita zaidi ya 130. Lakini ni kipande kimoja tu, anapanda Mwanza anashuka kwetu, hana pa kusubiri. Tangu tuhamie amekuja mara tano, na kila mara anakuja na boksi la sato waliogandishwa, anabishana na watu wa mzani kuhusu kilo mbili zilizozidi, na anashinda.